Choo Kinachokubali Ndoo

Busanza iko katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, upande uleule wa Kigali wenye uwanja wa ndege. Huko kampuni ya Savannah Creek ilijenga majengo ya ghorofa yenye nyumba zaidi ya 1,000 kwa ajili ya wakazi wa Kangondo na Kibiraro, makazi yaliyobanana ya Nyarutarama ambayo jiji zima liliyajua kwa lakabu ya Bannyahe. Wengi wa wakazi hao walitaka fidia ya fedha taslimu, si nyumba. Baadhi walifika mahakamani. Septemba 2022 waliokuwa wamesalia wakaondolewa. Lakabu yenyewe ni swali, na ukiliweka kwa adabu linauliza watu wa pale hujisaidia wapi. Busanza ni jibu lenye ngazi, namba za milango na choo cha ndani.

Kuhusu thamani ya viwanja, ukubwa wa vyumba na haki ya mtu kuchagua anakohamia, yameandikwa mengi. Hoja ya makala haya ni ndogo kuliko hizo, ingawa ina uzito wa kilo 25 au zaidi: bakuli la choo lenyewe. Choo cha kukaa kinachouzwa Afrika Mashariki kimechorwa kwa dhana kwamba tangi lake lina maji. Katika jiji ambalo shirika la maji, WASAC, limewahi kutoa ratiba za mgao mtaa kwa mtaa, dhana hiyo ni ya matumaini. Choo cha ghorofani Kigali hutumika kwa namna mbili: maji yakiwepo, kwa kitufe, yakikatika, kwa ndoo. Namna ya pili haimo kwenye mchoro wa mtu yeyote. Mwanafunzi wa ubunifu wa bidhaa anayetafuta mradi wa kumalizia masomo ana kazi hapo, na ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana kabla ya kuyafikia maji ni lazima apite kwenye udongo.

Kauri ya bafuni si chungu kilichopakwa rangi nyeupe. Wafinyanzi wa Rwanda, wengi wao wa jamii ya Batwa, wamechoma vyungu kwa kuni na nyasi kwa vizazi, katika joto ambalo kwa kawaida halivuki sana nyuzi 900. Mwili wa chungu cha namna hiyo hubaki na vitundu. Kwa mtungi hiyo ni sifa: maji hupenya kidogo, huvukizwa nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Kwa choo ni aibu ya kudumu. Kauri ya vyoo huchanganya kaolini, yaani udongo mweupe usio na chuma kingi. Udongo mwingine unaonata, ili umbo lishike. Mchanga wa silika. Na feldispa, madini ambayo huyeyuka mapema kuliko mengine. Mchanganyiko huo huchomwa kwa nyuzi 1,200 hadi 1,250. Feldispa iliyoyeyuka hujaza vitundu, na ikipoa huwa kioo kinachoshikamanisha vyote. Viwango vya Ulaya hutaka mwili wa kauri hiyo usinyonye maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Glezi, ile ngozi ya kioo inayong'aa, hurahisisha kusugua. Kinachozuia harufu isihamie ndani ya ukuta wa bakuli ni mwili wenyewe.

Umbo hupatikana kwa kumimina. Udongo hugeuzwa uji, hutiwa dawa kidogo inayoufanya utiririke bila kuongezewa maji mengi, kisha humiminwa ndani ya kalibu ya plasta ya jasi. Plasta kavu hunyonya maji ya uji ulioigusa, na ukuta wa udongo hujijenga taratibu. Baada ya saa moja au mbili ukuta hufikia unene wa takriban milimita 10. Uji uliobaki katikati humwagwa, kalibu hufunguliwa, na kitu hutolewa kikiwa na ugumu wa ugali wa jana. Kalibu hukaushwa kabla ya kutumika tena, na baada ya kumiminiwa mara 100 hivi plasta huchakaa, ncha zake hulika, hutupwa.

Haya yanaonekana mambo ya kiwandani tu, lakini ndiyo yanayochora. Kila sehemu ya umbo inayojipinda kuelekea ndani huing'ang'ania kalibu, hivyo hudai kipande kingine cha plasta. Kila kipande huacha mshono. Kila mshono hudai mkono wa kuusawazisha. Sinki la kawaida huweza kutoka katika kalibu ya vipande vichache. Choo, chenye bomba lililojipinda tumboni na ukingo wenye mfereji wa maji, hudai vipande vingi, na mara nyingi humiminwa kwa sehemu mbili zinazogandishwa kwa uji uleule. Mwanafunzi aliyemaliza kuchora choo kizuri kwenye kompyuta bila kuchora kalibu yake hajachora choo. Ameandika ombi.

Kisha kuna kusinyaa. Tangu kutoka kwenye kalibu hadi kutoka tanurini, kauri ya aina hii hupungua asilimia 10 hadi 12 kwa urefu, upana na kimo. Tuseme ni 11. Sinki linalotakiwa liwe na upana wa milimita 600 halichongwi kwa kuongeza asilimia 11, yaani kufika 666, kwa sababu kusinyaa huhesabiwa kwenye kitu kikubwa cha mwanzo, si kwenye kidogo cha mwisho. 666 ikisinyaa hutoa 593 hivi. Hesabu sahihi ni 600 kugawanywa kwa 0.89, ambayo ni 674. Tofauti ya milimita 7, kati ya 593 na 600, haionekani kwenye picha ya mradi. Huonekana sinki linapotumbukia kwenye tundu la kaunta lililokwisha kukatwa.

Tanuri nalo ni mbunifu mwenza, ingawa halihudhurii utetezi wa mradi. Katika nyuzi 1,200 kauri hulainika na kuelemewa na uzito wake: ukingo mrefu ulionyooka hushuka katikati, ukuta wima huegemea ndani. Wachonga vielelezo wazoefu huupa ukingo kibiongo kidogo ili ukishashuka uwe umenyooka. Ndiyo maana vyombo vingi vya bafuni vya karne ya 20 vina mabega ya mviringo, mkunjo hujibeba. Gio Ponti, msanifu majengo wa Milano, alipoichorea kampuni ya Ideal Standard vyombo vya bafuni katika miaka ya 1950, alilifuata elekeo hilo la udongo badala ya kushindana nalo. Masinki ya siku hizi yenye kuta nyembamba na kona kali, yale yanayojaa kwenye ubao wa picha wa kila mwanafunzi, yana asili nyingine: mwaka 2013 kampuni ya Laufen ya Uswisi ilileta kauri iliyoongezewa korundamu, madini magumu ya alumini, ili kuta nyembamba zisimame. Kuiga umbo hilo bila kuiga mchanganyiko wake ni njia ya uhakika ya kutengeneza sahani.

Kwa nini basi kitu hiki hakitengenezwi Rwanda? Udongo si jibu kamili. Ruliba Clays hutengeneza matofali na vigae vya paa Kigali. Gatagara, katika wilaya ya Nyanza, kuna karakana ya vyombo vya kauri ngumu. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watafiti wa Makerere wakishirikiana na chuo cha KTH cha Stockholm katika miaka ya 2000 walichanganya kaolini ya Mutaka, udongo wa Mukono na mchanga wa ufukwe wa Ziwa Victoria, wakapata kauri inayofaa kwa vihami vya nyaya za umeme, bidhaa ya ukoo mmoja na choo. Tanzania ina kaolini ya Pugu, karibu kabisa na Dar es Salaam.

Jibu liko zaidi kwenye moto. Angalia vigae vya sakafu, ambavyo Afrika Mashariki sasa inajitengenezea: Goodwill iko Mkuranga, Keda iko Chalinze, zote mkoani Pwani, na Kenya Keda iko Kajiado. Kigae ni unga wa udongo unaokandamizwa na mashine, bapa, kisha hupita tanurini kwa muda usiofika hata saa mbili. Choo ni kitu chenye mvungu, kinene hapa na chembamba pale. Ukikipasha joto haraka hupasuka, kwa hiyo hukaushwa kwa siku kadhaa na kuchomwa kwa zaidi ya saa 12. Moto wa namna hiyo hutaka gesi ya bei nafuu isiyokatika. Gesi ya Songosongo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na kiwanda cha Mkuranga kinatumia gesi asilia ya bomba. Rwanda ina methani ya Ziwa Kivu, lakini inachomwa kuzalisha umeme. Mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi una uwezo wa megawati 26. Gesi nyingine huja kwa malori.

Vigae vya Keda huuzwa kwa jina la Twyford, jina lilelile la Thomas Twyford wa Staffordshire, Uingereza, ambaye mwaka 1883 alileta choo cha kauri cha kipande kimoja kinachosimama chenyewe. Majina, tofauti na vyoo, husafiri bila kuvunjika. Vyoo husafiri katika kontena, vingi kutoka China, ambako mji wa Chaozhou ni kitovu cha kazi hiyo, na kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Rusumo kuna takriban kilomita 1,500 za barabara hadi Kigali. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni hewa iliyomo ndani ya mabakuli.

Kauri ya Kichina bafuni si jambo geni katika ukanda huu. Nyumba za mawe za Gedi, karibu na Malindi, zilikuwa na vyoo vya ndani vya kuchuchumaa karne kadhaa kabla ya Twyford kuzaliwa, na kando yake mahali pa kutawadhia. Lamu, birika la bafuni liliwekewa bakuli la kauri ya Kichina sakafuni mwake, na samaki wadogo waliachiwa humo wale viluwiluwi vya mbu. Mpangilio ule ulikuwa na sifa ambayo choo cha tangi kimeipoteza: ulichukulia kwamba maji huletwa na mtu na kumiminwa kwa kata. Mjenzi wa Lamu hakuhitaji mpango wa dharura, kwa kuwa alichojenga kilikuwa tayari kimekwisha kuizoea dharura.

Sasa maji. Moyo wa choo ni trapu, yaani kiwiko cha bomba kinachobaki na maji muda wote ili hewa ya bomba la taka isipande chumbani. Mtengeneza saa mmoja wa London, Alexander Cumming, alikipatia hataza mwaka 1775, na tangu hapo kanuni haijabadilika. Maji yaliyobaki ndani ya kiwiko ni kizibo. Kina cha kizibo, yaani umbali kutoka uso wa maji hadi mdomo ambao hewa ingepenya chini yake, katika viwango vya Ulaya hakipungui milimita 50.

Kutoka hapo familia ya vyoo hugawanyika. Kuna choo cha kusukuma, ambamo maji hushuka kwa kasi na kusukuma vilivyomo kupita kiwiko kipana kifupi. Na kuna choo cha kufyonza, chenye kiwiko chembamba kirefu kilichopindwa mara mbili: maji yakikijaza, uzito wa yaliyotangulia huvuta yanayofuata mpaka bakuli linakauka kwa mlio. Cha kufyonza kina uso mpana wa maji na bakuli lake huchafuka kidogo. Katika soko la China na la Marekani kinapendwa. Duka la vifaa vya ujenzi halina sababu ya kumweleza mteja tofauti. Bei iko mbele, kiwiko kiko ndani.

Tofauti hujitokeza siku ya ndoo. Choo cha kufyonza kikishavuta, kizibo chake huwa kimekwenda na maji. Katika hali ya kawaida mrija mdogo kutoka tangini hurudishia maji kwenye bakuli. Mtu wa ndoo hana mrija. Akimwaga maji yote kwa mkupuo na kuondoka, huacha kiwiko nusu tupu na hewa ya bomba ikipanda. Choo cha kusukuma hujirudishia kizibo chenyewe, kwa kuwa maji ya mwisho ya mmwago hubaki pale yalipo. Kwa jengo linalotegemea mgao, uchaguzi huo peke yake una uzito kuliko rangi, umbo la kifuniko na alama ya kampuni kwa pamoja.

Kiasi cha maji nacho kina hesabu yake. Chukua familia ya watu watano, kila mmoja akitumia choo mara nne kwa siku. Kwa lita 6 kila mara, inahitaji lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Kila dumu lililojaa lina uzito wa kilo 20, na ghorofani halijipandishi. Hupandishwa na mama, mtoto aliyetoka shule, au dada wa kazi. Choo kikisafishika kwa lita 2, ni madumu mawili. Mwanafunzi anayetaka kueleza thamani ya mradi wake anaweza kuacha michoro ya rangi na kuonyesha madumu manne yaliyobaki chini.

Lita 2 si ndoto. India, tangu miaka ya 1970, shirika la Sulabh lililoanzishwa na Bindeshwar Pathak limeeneza choo cha kuchuchumaa cha kumwagia maji ambacho sakafu ya bakuli lake ina mteremko mkali wa digrii 25 hadi 28 na kizibo cha milimita 20 tu, na lita 2 hukitosha. Kampuni ya American Standard, iliyonunuliwa na Lixil mwaka 2013, ilileta SATO, sahani ya plastiki yenye kilango kinachojifunga kwa uzito wa kisawazishi; humwagiwa maji kidogo mno, na baadaye ilianza kutengenezwa hata Kenya na Uganda. Zote mbili ni kazi safi za ubunifu wa bidhaa, safi kuliko nyingi zinazopewa tuzo.

Tatizo ni kwamba zilichorwa kwa ajili ya shimo lililo karibu, na Busanza ni ghorofa. Katika jengo la ghorofa vyoo kadhaa huingia katika bomba moja la wima. Jirani wa juu akivuta maji, mmwago unaposhuka husukuma hewa mbele yake na kuivuta nyuma yake, na mvuto huo hufika kwenye kila kiwiko njiani. Kizibo cha milimita 20 kinaweza kunyonywa chote, na hapo harufu ya jengo zima imepata mlango. Bomba la kupumulia linalotoka juu ya paa hupunguza mvuto, lakini halijengwi kila mara kama lilivyochorwa. Kwa hiyo milimita 50 zinabaki, na suluhisho la Sulabh haliwezi kupandishwa ngazi kama lilivyo.

Hapa ndipo ubunifu unapoanza kwa kweli. Kina cha kizibo na ujazo wake ni vitu viwili. Kina kinaweza kubaki milimita 50 huku maji ya kiwiko yakipunguzwa, ikiwa kisima cha bakuli kitafanywa chembamba na mgongo wa kiwiko utaondolewa mifuko isiyo na kazi. Maji machache ya kuondolewa, maji machache ya kumwaga. Gharama yake ni uso mdogo wa maji: kinachoanguka pembeni hugusa kauri kavu na kushika. Ukifanya ukuta wa nyuma uwe wima zaidi, kinachoanguka hukutana na maji, lakini bakuli hurefuka na kiti husogea mbele, ndani ya bafu ambalo tayari mlango wake hugonga sinki. Kila milimita inayotolewa mahali hudaiwa mahali pengine. Hakuna mchoro utakaoshinda pande zote, na mwanafunzi anayedai kuupata hajaujaribu kwa maji.

Kasi ndiyo jambo linalosahaulika zaidi. Maji yanayomwagwa polepole hupandisha uso wa bakuli, hupita juu ya ukingo wa kiwiko, na kuacha vilivyoelea vikielea. Ndoo ya mdomo mpana humwaga lita 2 kwa sekunde moja hivi, kasi isiyopungua ile ya tangi zuri. Dumu haliwezi. Mdomo wake mwembamba hutoa maji na kuingiza hewa kwa zamu, likigugumia, na lita 6 zake hufanya kazi ndogo kuliko lita 2 za ndoo. Watumiaji wamekwisha kuligundua hilo bila maabara. Ndiyo maana maji ya dumu huhamishiwa kwenye ndoo au beseni kwanza. Choo kinachokubali ndoo kinahitaji kumwonyesha mmwagaji mahali pa kulenga: bega pana nyuma ya bakuli, lililoinamishwa ili maji yagawanyike pande mbili, yazunguke na kukutana juu ya kisima. Ukingo wa kawaida wenye mfereji na matundu haumsaidii mtu wa ndoo kwa lolote, kwani maji yake hayapiti humo. Vyoo visivyo na mfereji wa ukingo vilivyoenea miaka ya karibuni, vilivyouzwa kwa hoja ya usafi, viko karibu zaidi na jambo hili kuliko wauzaji wake wanavyojua.

Kuna mpaka ambao kauri haiuvuki. Lita 2 zinaweza kutoa kitu kwenye bakuli na kukitelekeza mita mbili mbele, katika bomba la milimita 110 lililolala. Choo kikiwa jirani na bomba la wima hakuna shida; kikiwa upande wa pili wa nyumba, mmwago wa tatu au wa nne ndio utakaosogeza mzigo wa kwanza. Hilo ni suala la msanifu majengo, na mbunifu wa choo anapaswa kumwambia kabla zege halijamwagwa.

Upimaji nao una historia yake. Mwaka 2003, Amerika Kaskazini, ilianzishwa mbinu iitwayo MaP ya kupima vyoo vya maji machache, baada ya wateja kuchoshwa na ahadi. Wapimaji walijaza rojo ya soya ndani ya kondomu, gramu 50 kila moja, wakaziangusha pamoja na karatasi, na kuongeza mpaka choo kishindwe. Alama ya WaterSense ya serikali ya Marekani hudai gramu 350. Kipimo hicho kinachekesha na ni kizuri, kwa sababu kinatoa namba ambayo brosha haiwezi kubishana nayo. Kinachokosekana ni toleo la ndoo: mzigo uleule, lita 2, kimo cha kiuno, mmwagaji wa kawaida, na baada ya hapo rula ya kupima kizibo kilichobaki.

Kazi hiyo inawezekana katika chuo chochote chenye karakana. Shule ya Margaret Trowell huko Makerere, iliyoanzishwa miaka ya 1930, inafundisha kauri. Nyundo, magharibi mwa Rwanda, kuna shule ya sanaa tangu miaka ya 1950. Si lazima kuanza na tanuri. Kielelezo cha njia ya maji huweza kutengenezwa kwa plasta au faiba na kufunikwa upande mmoja kwa kioo cha plastiki, ili kiwiko kionekane kikifanya kazi. Rangi ya chakula ikitiwa kwenye kizibo huonyesha ni mimwago mingapi inahitajika kuyabadilisha maji yote. Hapo mwanafunzi atajifunza kwa siku moja yale ambayo programu ya kompyuta isingemfundisha kwa muhula. Kauri ije mwisho, ikiwa na hesabu ya kusinyaa.

Mwili wa mtumiaji pia hupimwa, si kukisiwa. Alexander Kira wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha mwaka 1966 kitabu kiitwacho The Bathroom, kilichochunguza jinsi watu wanavyokaa, wanavyonawa na wanavyoinama, na kuonyesha kwamba vifaa vingi vilikuwa vimechorwa kwa mazoea. Watu wake walikuwa Wamarekani. Mama wa Busanza anayemimina ndoo huku ameshika mtoto kwa mkono mwingine hayumo kitabuni, wala mtu anayeinua mguu kwenye sinki ili atawadhe, tendo ambalo skrubu mbili za ukutani hazikuandaliwa kulihimili.

Yabaki masuala ya viungio, ambayo hayapigwi picha. Kauri ikitunzwa hudumu miaka 50. Boya na vali za plastiki ndani ya tangi huharibika baada ya miaka michache, na choo kizima huonekana kibovu kwa sababu ya kipande cha bei ya soda kadhaa. Tundu la vali likifuata kipimo cha kawaida, fundi bomba hupata kipuri duka lolote. Mlango wa kutokea taka una sheria kali zaidi: vyoo vingi vya mtindo wa Ulaya hutoa taka nyuma, kwa kimo cha milimita 180 hivi kutoka sakafuni, huku vya China na Marekani vikitoa chini, milimita 305 kutoka ukutani. Aliyefungiwa kimoja hawezi kununua kingine bila kuvunja sakafu, na ghorofani sakafu hiyo ni dari ya mtu.

Majengo kama ya Busanza hununua vyoo kwa mamia, kwa mstari mmoja katika jedwali la vifaa, na mstari huo kwa kawaida husema choo, kauri, nyeupe, kamili. Ungeweza kusema: cha kusukuma, mlango wa nyuma milimita 180, kizibo milimita 50, ukingo usio na mfereji, kinasafishika kwa lita 2 za ndoo na kizibo kubaki. Maneno yanaongezeka kidogo, gharama ya wino haitajwi. Anayenunua ataambiwa na muuzaji kwamba hakuna anayejua kama choo fulani kinatimiza sharti la mwisho. Muuzaji huyo kwa kawaida huuza na ndoo.